Mlango Wangu Ulivyoondoka kwa Makofi

Kama hukusoma gazeti wiki jana, hukukosa mengi. Ulikosa tu kuona jinsi fundi wa makochi wa Kawangware 46, mtu mzima mwenye mke na watoto, alivyogeuka mwigizaji huko Kibera bila kupenda.

Kikundi cha maigizo cha Sarang'ombe kiliniomba kochi la kuweka jukwaani. Mimi siachi kochi langu liende peke yake, kwa hivyo nililifuata. Mtu aliyekuwa akiigiza mwenye ploti akapata kazi Mombasa, akaenda zake na viatu vya kikundi. Dairekta wao, kijana wa chuo anayeitwa Austin, akanitazama nimekalia kochi langu nimekunja uso.

"Usitoe hiyo sura, fundi," akasema. "Ndiyo nilikuwa natafuta."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa mtu mbaya kila Jumamosi.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Mwenye ploti anataka kumfukuza mama mjane ili ajenge ghorofa. Anakuja kung'oa mlango wa nyumba, mama akiwa ndani. Mkono ukishika tu mlango, Austin anapuliza filimbi na sote tunaganda. Kisha anawauliza watazamaji, "Nani anaweza kuja kushika nafasi ya huyu mama? Ungekuwa wewe, ungemwambia nini huyu mzee?" Mtu anatoka kwenye umati, anajifunga leso ya mama, na anapambana nami kwa maneno.

Anayevaa leso ndiye mama. Anayevaa koti ndiye mwenye ploti. Leso hupewa mtu yeyote, lakini koti halipewi mtu. Shika sheria hiyo ya koti, maana siku ilipovunjwa ndiyo nilipoumia.

Sasa, kuna jambo ambalo sikumwambia Austin, nalo ni mahali nilipomtoa huyo mwenye ploti wangu.

Nilimtoa kwa Mzee Naftaly Kagiri, mwenye ploti yangu mimi mwenyewe. Mzee hutembea mikono nyuma, kifua mbele, na ufunguo mkubwa kidoleni. Kila akipita karibu na kibanda cha mtu, hugonga mabati kwa huo ufunguo kama anayepima tikiti kama limeiva. Akitaka kukunyima kitu husema, "Mimi ni mtu wa Mungu, lakini." Halafu ananyamaza. Hamalizi. Wewe mwenyewe ndiye unajaza.

Hata koti lilikuwa lake. Mkewe, Mama Wacera, alimpa mke wangu mwaka jana, kwenye mfuko wa nguo kuukuu, nivae nikiwa kazini. Hakumwambia mzee. Mzee akatangaza kwamba koti limeibwa kwenye kamba na watu wa Kiarie, mwenye ploti ya ng'ambo, ambaye hawajasalimiana vizuri tangu walipogombania mpaka.

Kibera, ukiacha mtu mmoja nitakayemtaja, hakuna aliyemjua Naftaly. Huko nilikuwa salama. Nilikuwa nikigonga mlango kwa ufunguo, nikisema "Mimi ni mtu wa Mungu, lakini," na akina mama wa Sarang'ombe walikuwa wakinichukia mpaka mmoja akakataa kuniuzia mandazi.

Na usalama huo nilikuwa nauhitaji. Mzee Naftaly anajenga ghorofa kweli. Vibanda vyote vya mbele vitabomolewa, na chini ya ghorofa kutakuwa na maduka. Katika mafundi wote wa zamani, mmoja tu ndiye atakayepewa duka hapo. Aliniambia mimi, tukiwa wawili, akigonga mabati yangu.

"Phanuel, tulia. Duka ni yako. Bora tu usinikosee."

Huko ndiko tulikoachana wiki jana. Sasa sikia yaliyonipata.

*

Tulikuwa mazoezini Sarang'ombe, nyuma ya nyumba ya kufulia, Austin akapiga makofi.

"Watu wangu, Jumamosi hatuko Kibera. Tumepata uwanja wa kanisa, Kawangware."

"Kawangware gani?" nikauliza.

"46," akasema. Mtaani kwangu kabisa.

Ndimi zote zikashangilia isipokuwa wangu. Nikauliza ni kanisa gani. Akalitaja. Ni lile ambalo Naftaly Kagiri ni mzee wake, na anayekaa benchi la mbele.

"Kuna mgeni wa heshima," Austin akaendelea. "Ni yeye ametupea viti na hema. Anaitwa mzee..."

"Usimtaje," nikasema.

Ciru akaanza kucheka. Ciru ni binti wa Naftaly. Anasoma maigizo katika chuo kile kile cha Austin, na ndiye anayeigiza mama mjane. Ndiye pia aliyenirekebisha siku ya kwanza: "Hapana, fundi, ufunguo huwa anashika na kidole hii."

"Ni mimi nilimwalika," akasema. "Nilidhani utafurahi."

"Nifurahie nini? Babako atajiona pale mbele."

"Hawezi. Daddy hajawahi kujiona hata kwa kioo." Akaacha kucheka. "Fundi, miaka yote nasoma hii kitu, hajawahi kuja kuniona. Hata mara moja. Anasema ni mchezo ya watoto. Hii ndiyo mara ya kwanza amekubali."

Basi Ciru nikamwacha. Nilijaribu tu kumshika Austin kando.

"Nipe kazi nyingine. Nitakuwa mjane."

"Uko na ndevu, fundi."

"Nitanyoa."

"Na mkono kama koleo. Tulia. Tutakubadilisha mpaka mama yako asikujue."

Kisha akaniomba mlango. Ule tuliokuwa tukitumia Kibera ulikuwa wa kibanda cha jirani, na jirani hakutaka ufike Kawangware. Nikasema nitatengeneza. Lakini wiki ile nilikuwa na kochi la kona la mteja wa mtaa wa Satellite, na ilipofika Ijumaa sikuwa nimepiga hata msumari.

Jumamosi asubuhi nikafungua bawaba za mlango wa kibanda changu cha kazi.

Mke wangu, Kageha, alinikuta nimeubeba mgongoni.

"Baba Morris, unaenda wapi na mlango?"

"Kanisani."

"Kuuombea?"

"Ni wa mchezo. Jioni nitaurudisha."

"Huo mlango ni wa Naftaly," akasema. "Unaenda kumchezea mzee, na koti yake, na mlango yake, mbele ya kanisa yake. Mbona usibebe na bibi yake kabisa?"

"Nimegeuza," nikamwambia. Nilikuwa nimefikiria hilo. Mzee alikuwa amepaka herufi zake, N.K., kwa rangi ya kijani upande wa nje wa kila mlango wa ploti. Jukwaani upande huo ungeangalia nyuma.

"Na koti?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshona kola mpya na viraka vya viwiko kwa kitambaa cha kochi, kile chenye maua makubwa ya zambarau. Masharubu niliyatoa kwenye sponji. Kofia niliazima kwa mlinzi.

Kageha akanizunguka mara moja.

"Unakaa kiti ya sebuleni imepewa cheo," akasema. "Nakuja kuona."

*

Uwanja ulijaa. Kawangware ikisikia kuna hema, huja kwanza, kisha huuliza nani amekufa. Mbele walikaa pasta na wazee wa kanisa kwenye viti vya plastiki, na katikati yao Mzee Naftaly, ufunguo kidoleni. Nyuma walisimama akina mama wa soko, na Kageha katikati yao amekunja mikono.

Mlango wangu ulisimama jukwaani umeshikiliwa na fremu. Mbele yake kochi langu. Na mimi nyuma ya shuka, nikitokwa na jasho, huku kitu kigumu ndani ya bitana ya koti kikinigonga nyonga kila nikisogea. Kilikuwa kikinigonga hivyo tangu Kibera. Nilidhani ni kifungo cha zamani.

Nikafanya uamuzi. Sitatembea kama Naftaly. Nitatembea kama mtu mwingine yeyote.

Nikatoka. Mikono ikaenda nyuma yenyewe, na kifua kikaenda mbele. Ukishafundishwa mwendo na binti ya mtu, mwili haukubali mwingine. Nikafika mlangoni, nikagonga kwa ufunguo, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi ni mtu wa Mungu, lakini."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamtazama Naftaly kwa pembe ya jicho, nikingoja asimame.

Alikuwa akicheka kuliko wote. Alikuwa anapiga paja. Alimwinamia pasta, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Huyo ni Kiarie. Kiarie mzima mzima. Angalia vile anatembea."

Na huku akisema hivyo alikuwa akigonga mkono wa kiti cha pasta kwa ufunguo wake. Tok, tok, tok.

Ciru alikuwa amesema kweli. Nikapata nguvu. Nikagonga, nikatisha, nikamtukana mjane. Naftaly akazidi kufurahi. "Hata koti ni ya mauamaua kama ya Kiarie," akawaambia wazee. Wazee wawili walikuwa wameacha kucheka na wanakitazama kile kidole chenye ufunguo.

Nikaushika mlango. Austin akapuliza filimbi. Tukaganda.

"Ndugu zangu," Austin akasema, "huyu mama yuko karibu kulala nje. Nani atakuja kushika nafasi yake?"

"Mimi," sauti ikasema kutoka kwa akina mama wa soko.

Nilikuwa nimeganda, lakini nywele zilisimama. Umati ukapasuka, na Kageha akapanda. Ciru akamfunga leso.

Filimbi ikalia.

"Mama, toka kwa nyumba," nikasema, kama inavyotakiwa.

"Nyumba gani?" Kageha akasema. "Hii inavuja? Tangu mvua ya kwanza nakuambia inavuja. Unasema kesho. Kesho yako inafika lini?"

Hayo hayakuwa ya mchezo. Yalikuwa ya jikoni kwetu.

"Mimi ni mtu wa Mungu, lakini," nikasema.

"Lakini nini? Maliza."

Sikuwa na la kumaliza. Naftaly halisi hajawahi kuulizwa.

"Lakini... naleta fundi," nikasema.

"Fundi ni wewe."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikarudi nyuma hatua moja, yeye akaja mbili. Nimeishi na Kageha muda mrefu na sijawahi kumshinda kwa maneno hata nikiwa nimelala, sembuse nikiwa na masharubu ya sponji. Nilianza kusema "sawa." Nikasema "sawa mama" mbele ya watu wote. Nikaachilia mlango.

Ndipo kiti cha plastiki kikasukumwa nyuma.

"Wapi," Mzee Naftaly akasema, akisimama. "Landlodi haongei hivyo. Huyu mwigizaji wenu ameshindwa na kazi. Anaombaomba mpangaji. Leteni hiyo koti niwaonyeshe."

Austin akaeleza sheria. Akasema mwonevu habadilishwi, hubadilishwa anayeonewa. Lakini huwezi kumweleza sheria mtu ambaye umemkalisha kwenye viti vyake mwenyewe. Uwanja ukaanza kuimba, "Mpe koti. Mpe koti." Pasta naye akatikisa kichwa kukubali.

"Kifungo kimekwama," nikasema.

"Hakijakwama," Kageha akasema, akanivua kwa mvuto mmoja, kama anavyomvua mtoto sare ya shule. Alikuwa bado na hasira ya paa.

Mzee Naftaly akalivaa koti. Lilimkaa kama lililokuwa likimngoja.

Akaweka mikono nyuma, akatoa kifua mbele, akatembea hadi mlangoni, akagonga kwa ufunguo. Tok, tok, tok.

"Mama," akasema, "mimi ni mtu wa Mungu, lakini."

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa kama cha kwanza. Kile cha kwanza kilikuwa cha kumcheka mtu mbaya fulani. Hiki kilikuwa cha watu waliopata jina. Nilimwona mama muuza mboga za sukuma akimshika mwenzake bega asianguke. Naftaly alidhani ni kwa sababu amemweza Kiarie. Akavimba.

"Lakini nini, mzee?" Kageha akamuuliza, vile vile alivyoniuliza mimi.

Sasa, kumbe Naftaly akibanwa na swali ana tabia yake, ambayo kanisani haijulikani. Mkono wake wa kulia uliingia ndani ya koti wenyewe. Ukapita mfukoni, ukapita tundu la mfuko, ukashuka ndani ya bitana kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani bila kuhitaji taa. Ukatoka na kikopo kidogo. Kidole gumba kikafungua kifuniko. Vidole viwili vikachota, vikapanda puani, vikavutwa.

Yote hayo yalifanyika kabla kichwa cha mzee hakijafika.

Halafu akapiga chafya. Ugoro wa mwaka mzima, ulioiva ndani ya koti. Alipiga chafya mpaka kofia ya pasta ikasogea.

Uwanja ukanyamaza. Mzee wa kanisa, mbele ya pasta, na kikopo cha ugoro mkononi. Naftaly akakitazama kikopo. Akaitazama bitana. Akaigeuza kola ya maua, akaona chini yake ile kola ya kale.

"Hii koti ni yangu," akasema polepole.

Watu wakaanguka kwa kicheko. Walidhani anaendeleza mchezo.

"Nasema koti ni yangu. Iliibwa kwa kamba."

Wakapiga makofi. Akageuka kututafuta, akazunguka nyuma ya mlango, na huko akainama. Nilifumba macho. Nilijua anasoma herufi za kijani.

"Na hii mlango ni yangu," akasema, akitokeza kichwa.

"Mzee ana talanta," kijana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya ukuta.

Naftaly akanijia. Akaishika sponji chini ya pua yangu, akaing'oa.

"Na wewe ni Phanuel. Mpangaji wangu."

Makofi yakawa kama mvua ya mawe kwenye mabati. Austin alikuwa ameketi chini ya jukwaa, ameshika kichwa, machozi ya furaha yanamtoka. Kila neno mzee alilosema lilikuwa la kweli tupu, na kadiri alivyosema kweli ndivyo watu walivyozidi kumshangilia wakidhani ni uongo.

"Ile duka nilikuambia," akasema, uso wake karibu na wangu, "sahau."

Wakasimama kumshangilia. Pasta pia alisimama. Katika umati ule wote, waliojua nimenyang'anywa duka ni sisi watatu tu: mzee, Kageha na mimi.

Kageha akamshika mkono wa koti.

"Mzee, hiyo umesema ni ya mchezo ama ni ya ukweli?"

Naftaly akamgeuzia mgongo. Aliwaita vijana wawili wa mkokoteni waliokuwa wakitazama kando.

"Chukueni hii mlango. Peleka kwangu."

Vijana wakaubeba. Mmoja akaniambia, "Fundi, shika huo upande, ni mzito." Na mimi, kwa sababu kila Jumamosi mchezo ukiisha mimi ndiye ninayebeba vyombo, nikaushika. Nilisaidia kuupakia. Mlango wangu ukaondoka uwanjani juu ya mkokoteni, umelala chali, N.K. ikiangalia mbingu, na watu wakaupisha njia huku wakiupigia makofi.

*

Nilimkuta mzee nyuma ya hema. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini pasta alinitangulia. Alikuwa amemshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mzee Kagiri, hatukujua uko na kipawa. Hata ile ya ugoro. Ile chafya. Kama sikujui, ningeamini kabisa wewe ni mtu wa ugoro."

Nikaona macho ya Naftaly yakizunguka kama ya mbuzi aliyeona malango mawili.

"Ni mazoezi tu, pasta," akasema.

"Na Jumamosi ijayo tuko na tamasha chuoni," Austin akaingilia. "Vyuo vyote, na vikundi vya mtaa. Mzee, tafadhali. Hiyo ndiyo ilikuwa inakosa kwa mchezo wetu. Uje uwe mwenye ploti."

"Watu watakuwa wengi?"

"Ukumbi mzima."

Ciru alikuwa amesimama kando akikunja shuka la jukwaa. Naftaly akamtazama.

"Na wewe huwa unapigiwa makofi namna hii kila wakati?" akamuuliza.

"Kila Jumamosi, Daddy."

Mzee akakohoa. Akaivuta kola ya maua ikae sawa, akasema, "Nitakuja." Pasta akaahidi kuleta kanisa lote.

Walipoondoka, Naftaly akanivuta kando ya choo.

"Sikia wewe. Mimi ni mtu wa Mungu, lakini." Akanyamaza kama kawaida yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akamaliza. "Lakini sasa ni lazima niwe mwigizaji, ama niwe mtu wa ugoro. Umenifanyia hiyo."

"Mzee, naomba..."

"Usiombe hapa. Utaomba Jumamosi. Mimi landlodi, wewe mpangaji. Nakufukuza, unalia. Ukilia vizuri watu waamini, duka tutaiongea tena. Ukinichekesha, ama ukienda kusema ile kikopo ilikuwa yangu, usirudi hata kuchukua misumari."

"Na mlango?"

"Mlango iko kwangu. Tutakuja nayo Jumamosi."

Akaondoka, mikono nyuma. Koti alikuwa nalo bado.

*

Kwa hivyo, ndugu msomaji, duka langu, kazi yangu na chakula cha watoto wangu vimewekwa kwenye machozi. Na mimi silii. Sijisifu. Ni kama mtu asiyeweza kupiga mluzi.

Niliketi ndani ya kibanda kisicho na mlango, juu ya kochi la mteja wa Satellite, jua likiingia mpaka kwenye sponji na wapita njia wakinisalimia kama niko kwenye onyesho. Kageha alisimama mbele yangu na kitunguu alichokata katikati.

"Lia."

"Nimejaribu."

"Fikiria kitu ya uchungu."

"Nimefikiria."

"Fikiria matanga ya babako."

"Nilifikiria. Hakuna kitu."

"Hata siku yenyewe hukulia," Kageha akasema. "Watu wanalia, wewe unapapasa jeneza uone kama imepigwa msasa."

"Haikuwa imepigwa."

Akanisogezea kitunguu puani. Yeye ndiye aliyetokwa na machozi. Nikamwambia labda tumpe yeye nafasi hiyo. Hakucheka. Akaketi kando yangu, leso ya mjane ikiwa bado kiunoni, amesahau kuirudisha.

"Ningejua, nisingekuvua koti," akasema.

Nikamwambia paa nitaliziba kesho. Akanitazama. Nikamwambia basi, leo.

Nilikuwa nimesimama kutafuta nyundo, kivuli kikajaza pale mlango ulipokuwa. Mtu mfupi, mnene, suti ya kijivu, bakora mkononi. Hakuwa na mwendo wowote wa maana. Alikuwa anatembea tu, kama watu.

Alikuwa Kiarie, mwenye ploti ya ng'ambo, ambaye kwa yote niliyofanya Kibera na Kawangware sikuwa nimemwazia hata siku moja.

Nyuma yake walisimama wanaume wawili wamebeba mlango. Mpya. Wa mbao, na kitasa.

"Wewe ndiye yule fundi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nimepigiwa simu na watu wa kanisa lenu tangu saa hizo. Wanasema kuna mtu ameniigiza mbele ya pasta. Wanasema Kagiri mwenyewe alisimama akathibitisha ni mimi." Akaangalia tundu la mlango, akaangalia kochi, akamwangalia Kageha na kitunguu. "Nasikia pia Kagiri amekutolea mlango. Mimi huu niko nao, na niko na mahali pa kuufunga. Duka, kando ya barabara, pale kwangu. Lakini kwanza nataka kujua kitu moja, na usinidanganye, kwa sababu mimi nitajua."

Akawafanyia ishara wale wanaume wasiuweke mlango chini bado. Akavuta kiti changu cha kazi, akakalia, akaweka bakora katikati ya magoti.

Kando ya vibanda, kwenye lango lake, Mzee Naftaly alikuwa ametokea amevaa lile koti la maua, amesimama anatutazama.

"Haya, fundi," Kiarie akasema. "Nionyeshe vile mimi hutembea."